Jinzi Mbichi: Kwa Nini Wasee Wanataka Kuizeesha Wenyewe

Ukiokota jinzi Kibuye Jumapili ikiwa tayari na mistari meupe mapajani na magoti yaliyofifia, ujue hiyo michoro si yako. Ama ni ya mtu wa majuu aliyeivaa kabla yako, ama ni ya kiwanda. Jinzi mbichi ni ile ambayo kitambaa chake hakijaoshwa tangu kitiwe rangi. Inakuja bluu nzito karibu nyeusi, ngumu kama mabati, haina alama hata moja. Za kuweka alama ni wewe.

Siri iko kwa rangi. Nili, ile bluu ya jinzi, haizami hadi katikati ya uzi wa pamba. Inakaa juu juu, ndani kunabaki kweupe. Kila mahali unaposugua ama kukunja, bluu inabanduka na weupe unachungulia. Ndio maana jinzi mbili za kufanana kabisa, zikidungwa na wasee wawili, baada ya mwaka ni vitu viwili tofauti.

Chukua stage ya Awasi. Jamaa wa nduthi anayesukuma trip za Ahero siku mzima atapata weupe upande wa ndani wa mapaja, pale anapobana tanki, na nyuma ya magoti mikunjo itajichora kama sega la asali. Fundi wa baiskeli anayepiga magoti chini ataanza kufifia hapo mbele. Dem wa M-Pesa anayekaa kwa stuli kutwa atapata mistari inayotoka nyonga kwenda pembeni. Mfuko unaoweka simu utajichora mstatili, na wakikuona tu watajua kama unatumia mkono wa kushoto.

Kitambo hakukuwa na namna nyingine. Levi Strauss na fundi Jacob Davis walipata hataza ya suruali za ribiti za shaba mwaka 1873, na kwa miaka mingi jinzi ziliuzwa mbichi, mwenyewe ukajipange. Uzee wa kununua ulikuja baadaye, na uliumiza watu. Viwanda vilikuwa vinarushia jinzi mchanga kwa presha ya hewa ndio zififie. Huko Uturuki, vijana waliofanya hiyo kazi walivuta vumbi wakapata silikosisi, ugonjwa wa mapafu usio na tiba, na wengine wakafa. Serikali yao ilipiga marufuku mwaka 2009. Levi's na H&M wakatangaza kuachana nayo mwaka 2010.

Kuipata kwa mitumba si rahisi, maana nyingi zilishafuliwa huko zilikotoka. Sugua na kitambaa cheupe kilicholowa: ikiachia bluu ya nguvu na haina mkunjo uliofifia, shika usiachilie. Njia ingine ni kununua denimu ambayo haijaoshwa, umpelekee fundi mwenye sindano nene. Mwambie aache nafasi, kwa sababu denimu ambayo kiwanda hakijaiwahi inaweza kurudi hadi asilimia 10 ikiguswa na maji. Kama ni suruali tayari, loweka kwanza kwa karai nusu saa kabla ya kukata urefu.

Wiki za kwanza itachafua kila kitu. Raba nyeupe, shuka, kochi ya wenyewe. Kaa chonjo.

Halafu kuna ule mjadala wa kufua. Wenye imani kali wanasema miezi sita bila maji. Mwaka 2011 mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada, alivaa yake miezi 15 bila kuifua, na bakteria walipopimwa walikuwa karibu sawa na za siku 13. Sawa, lakini Kanada si Kano. Kwa hili joto, na ule udongo mweusi unaonata mvua ikinyesha, miezi sita ni kuwatesa watu wa matatu. Chumvi ya jasho pia inakula pamba. Ikinuka, fua: igeuze nje ndani, maji baridi, sabuni kidogo, bila brashi, na jiki usiiguse. Anika kivulini, jua linafifisha bila mpango.

Itaanza kuisha kati ya mapaja, hasa kwa watu wa nduthi. Ukiona nyuzi nyeupe zimekonda hapo, usingoje ipasuke ukiwa umebeba abiria. Fundi aweke kiraka kwa ndani, ashone na uzi wa bluu.