Duka chini, familia juu: nani anaamua libomolewe?

1/ Kila msimu wa kampeni lazima mtu aseme majengo makuukuu yang'olewe tujenge maendeleo, na mwingine amjibu ati hiyo ni kuuza urithi. Juzi sokoni Kiirua jirani akaniuliza: kwani serikali inaweza kunikataza kubomoa duka langu mwenyewe? Inaweza. Ngoja nieleze.

2/ Twende Mji wa Kale, Mombasa. Nyumba nyingi za huko ni za karne ya 19 na mwanzo wa ya 20. Chini duka, milango ya mbao inafungukia njiani. Juu familia, na roshani ya mbao inayowapa wateja kivuli. Kuta ni mawe ya matumbawe na chokaa, dari ni boriti za mikoko.

3/ 1990 eneo hilo likawekwa chini ya hifadhi. Nyumba inabaki yako, hati ni yako, lakini sura yake huibadilishi bila kibali.

4/ Sheria ya sasa ni ya 2006. Waziri anashauriana na Makavazi ya Kitaifa, anatangaza kwenye Gazeti Rasmi, na mwenye pingamizi ana miezi miwili. Wengi hatusomi Gazeti Rasmi, si ndio?

5/ Sasa pesa. Ukuta wa matumbawe ukiupiga simiti, unyevu na chumvi vinabaki ndani na ukuta unamomonyoka. Unahitaji chokaa na fundi anayeijua. Nani analipa? Mara nyingi mwenye nyumba. Hata Uingereza, walioanza orodha yao kwa sheria ya 1947, mzigo mkubwa ni wake.

6/ Katiba ya 2010 imeacha minara ya kihistoria yenye umuhimu wa kitaifa kwa serikali kuu, lakini mipango ya miji na leseni za biashara ni za kaunti. Ukuta ukipasuka, kila upande unaonyesha mwingine kidole.

7/ Na kutangazwa pekee hakushikilii paa. Mji Mkongwe wa Zanzibar uko UNESCO tangu 2000. Desemba 25, 2020, sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba la 1883, iliporomoka likiwa kwenye ukarabati. Watu wawili walikufa.

8/ Kwa hivyo mgombea akikuahidi kuhifadhi, muulize bajeti ya chokaa. Akikuahidi kubomoa, muulize wapangaji wa duka wanaenda wapi.

9/ Jirani yangu naye? Duka lake la mabati halijatangazwa popote. Anahitaji vibali vya kaunti tu, kama mtu mwingine yeyote.