Baruti Mpya na Kikombe cha Zamani

Juma lililopita tulisoma habari za gobori, bunduki inayoshindiliwa kwa mdomo. Leo tusome habari za risasi yenye ganda.

Miaka ya 1870, wawindaji wa nyati katika nyika za Marekani walikaa mbali na maduka, na risasi zilikuwa ghali. Basi ganda la shaba lililokwisha pigwa halikutupwa. Jioni, kambini, mwindaji aliitoa fataki iliyokufa, akatia mpya, akamimina baruti kwa kikombe kidogo, kisha akakaza risasi juu yake. Baruti hiyo ilikuwa nyeusi, ya shura, makaa na kiberiti upele. Ilijaza karibu ganda zima, hata kuizidisha ilikuwa vigumu.

Mwaka 1884 Mfaransa Paul Vieille alitengeneza baruti yenye moshi kidogo sana. Kwa uzito ule ule, nguvu zake zilikuwa karibu mara tatu. Hapo kikombe cha zamani kikawa adui: kukijaza baruti mpya ni kuipasua bunduki usoni pako mwenyewe. Tena kipimo kidogo hakijazi ganda. Mtu aweza kutia mara mbili asitambue.

Ndiyo sababu mizani ilishika mahali pa kikombe. Hata leo, pale sheria inaporuhusu kazi hii, fundi mwangalifu hufuata uzito uliochapwa na watengenezaji wa baruti, huweka aina moja tu mezani, havuti sigara, na humulika kila ganda kwa taa kabla ya kulifunga. Wapo wasemao jicho lao ni mizani. Mimi nisingesimama karibu nao wakipiga.