Maji ya Bahari: Kutoka Chupa ya Mombasa Hadi Hoteli za Kifahari

 

Watoto wa shule kutoka huku kwetu Ekerenyo wakizuru Mombasa, wapo wanaorudi na chupa ya maji ya bahari. Nyanya huonja tone moja, hukunja uso, kisha huiweka kabatini. Siku mjukuu akitokwa na vipele au akiharisha, mtu huikumbuka ile chupa. Husema, "Si matajiri hulipa pesa nyingi hotelini watibiwe kwa maji haya?"

Ni kweli, hulipa. Lakini je, hulipia nini hasa? Tuanze mwanzo.

Mwaka wa 1750, daktari Mwingereza aitwaye Richard Russell alichapisha kitabu kilichosifu maji ya bahari kuwa dawa ya uvimbe wa tezi. Aliwaambia wagonjwa wake waoge baharini na pia wayanywe maji hayo. Watu wenye uwezo walimfuata hadi Brighton, na mji huo wa wavuvi ukawa mji wa wageni.

Wafaransa nao wakaipa tiba hiyo jina, thalasotherapia, kutokana na neno la Kigiriki lenye maana ya bahari. Mwaka wa 1899, Dkt. Louis Bagot alifungua kituo mjini Roscoff, ambako wagonjwa wa viungo walizamishwa katika maji ya bahari yaliyopashwa moto. Angalia, mama: hapo kazi ilikuwa kuoga, kukandwa na kunyoosha viungo. Hawakuwa wakipewa maji hayo wanywe.

Tiba hii iliingia hotelini kupitia mwendesha baiskeli. Louison Bobet alishinda mashindano makubwa ya Ufaransa mara tatu mfululizo, 1953, 1954 na 1955. Baadaye aliumia katika ajali ya gari, akapata nafuu kwa mazoezi na maji ya bahari huko Roscoff. Mwaka wa 1964 alifungua kituo chake mwenyewe mjini Quiberon, kikiwa na hoteli kando yake. Mgeni alilala, akala vizuri, akaogeshwa na kukandwa, yote mahali pamoja.

Kampuni kubwa za hoteli ziliona biashara. Kundi la hoteli la Ufaransa linaloitwa Accor tangu 1983 lilikuza huduma hiyo hadi ikawa na jina lake la kibiashara, Thalassa. Jina hilo lilivuka Ufaransa likafika Agadir nchini Moroko, na Zallaq nchini Bahrain, katika Ghuba wanakokwenda mabinti wetu wengi kutafuta kazi.

Hata hivyo, bima ya taifa ya Ufaransa, ambayo husaidia kulipia matibabu ya chemchemi za maji moto daktari akiyaagiza, hailipii siku za mapumziko katika vituo hivyo vya bahari. Kwa hiyo mgeni hulipa mwenyewe. Anacholipia ni maji ya uvuguvugu, mikono ya kumkanda, mazoezi na usingizi bila kuitwa na mtu. Mama aliyeinama shambani kuchuma chai tangu alfajiri anajua thamani ya vitu hivyo. Kitambaa cha maji ya uvuguvugu mgongoni na saa moja ya kupumzika havihitaji hoteli. Waambie walio nyumbani wakupe nafasi hiyo.

Sasa turudi kwa mtoto anayeharisha. Mwaka wa 1907, Mfaransa René Quinton alifungua zahanati Paris, ambako watoto wachanga waliokuwa wakiharisha walidungwa maji ya bahari. Lakini hata yeye aliyachanganya kwanza na maji yasiyo na chumvi, kwa sababu maji ya bahari yenyewe ni makali mno kwa mwili.

Jibu bora lilikuja baadaye. Katika miaka ya 1960 wanasayansi walithibitisha kwamba sukari kidogo husaidia utumbo kufyonza chumvi na maji. Mwaka wa 1971, Dkt. Dilip Mahalanabis alitumia mchanganyiko huo katika kambi ya wakimbizi huko Bongaon, India, wakati wa kipindupindu. Vifo vilishuka kutoka karibu 30 hadi chini ya 4 katika kila wagonjwa 100. Hiyo ndiyo ORS unayopewa zahanati.

Pima tofauti. Lita moja ya maji ya bahari ina chumvi takriban gramu 35, kama vijiko sita vya chai. Lita moja ya ORS ina chumvi ya kawaida gramu 2.6 tu, chini ya nusu kijiko. Mtoto akinywa maji ya bahari, figo hutumia maji ya mwili kuiondoa chumvi hiyo. Anazidi kukauka, na anaweza kupata degedege.

Kwa hiyo, mama, kumbuka:

Usimnyweshe mtoto maji ya bahari, wala usimwoshe kidonda kwa maji yaliyokaa chupani. Tumia maji safi na sabuni.

Akiharisha, mpe ORS kidogo kidogo na uendelee kumnyonyesha. Soma pakiti: nyingine ni za nusu lita, nyingine za lita nzima. Iliyobaki baada ya saa 24 imwage. Omba pia tembe za zinki, na umpe kwa muda wote ulioelekezwa na mhudumu wa afya.

Akiwa na macho yaliyodidimia, akilegea, akishindwa kunywa, akitapika kila kitu au akitoa damu kwenye choo, usingoje kesho. Mpeleke hospitali mara moja.

Na ile chupa ya Mombasa? Iache kabatini iwe kumbukumbu ya safari.