Mlango Haukufungwa Carthage

Kati yetu kuna ndugu na dada ambao siku ya Meza ya Bwana hutoka nje mapema. Wanasema moyoni, "Nilianguka nikiwa tayari nimebatizwa. Sistahili tena." Jambo hili si jipya. Kanisa la Afrika lilikutana nalo karibu miaka 1,800 iliyopita.

Mwaka 250, Kaisari Decius wa Roma aliamuru watu watolee miungu sadaka, kisha wapewe hati ya kuthibitisha. Katika Carthage, mji ambao magofu yake yako Tunisia leo, Wakristo wengi waliogopa. Wengine walitoa sadaka. Wengine walinunua hati kwa fedha tu. Wengine walikataa, wakafungwa na kuteswa, hata kufa.

Mateso yalipopungua, walioanguka walirudi. Je, wapokelewe? Kule Roma, mzee wa kanisa Novatian alikataa: Mungu anaweza kuwasamehe, lakini kanisa lisiwarudishe. Wengine walitaka warudi mara moja, pasipo toba.

Mwaka 251, Askofu Cyprian wa Carthage na maaskofu wenzake walikutana, wakakataa njia zote mbili. Walionunua hati wangepokelewa baada ya kuchunguzwa mmoja mmoja. Waliotoa sadaka wangedumu katika toba, na wakikaribia kufa wangepewe amani ya kanisa. Muda si mrefu, mateso mapya yakikaribia, maaskofu waliamua kuwapokea wote waliodumu katika toba. Sababu yao ilikuwa hii: askari hapelekwi vitani bila silaha, na mwamini hasimami imara akinyimwa Meza ya Bwana.

Tuangalie vizuri, wapendwa. Hawakusema dhambi ni kitu kidogo. Lakini hawakungoja mtu awe na nguvu ndipo apewe neema. Walimpa neema ili apate nguvu. Ndivyo Bwana alivyomfanyia Petro: alimkana mara tatu, naye akamkabidhi kondoo zake.

Cyprian mwenyewe alijificha wakati wa Decius, na watu walimsema vibaya. Mwaka 258 hakukimbia tena. Alikatwa kichwa kwa ajili ya Kristo.

Basi wewe unayetoka mapema, usitoke tena. Mwone mchungaji, ungama, kisha ukae pamoja nasi. Na sisi tuliobaki ndani, tusiwe akina Novatian mlangoni. Sisi pia tuliingia kwa neema.