Masista wa Loreto na Skuli ya Limuru: Kushika Asili Huku Ukijiandaa na Mabadiliko



Leo naomba tutoke kidogo kwenye hina, vikuba na mapambo ya ukumbi, tuzungumze historia. Mada yangu itawashangaza baadhi yenu, maana nataka kukuhadithieni habari za skuli ya Kikatoliki. Skuli yenyewe ni ya sekondari ya wasichana, iko Limuru, Kenya, kwenye baridi na mashamba ya chai, na ilifunguliwa na masista wa Loreto mwaka 1936. Nimeichagua kwa sababu suala lililoibana skuli ile ndilo linalotubana sisi kila siku majumbani: mtoto wa kike asome mpaka wapi, na akisoma, abaki na nini cha kwao?

Na msidhani masista ni wageni kwetu. Unguja walifika tangu mwaka 1860, pamoja na mapadri kutoka kisiwa cha Réunion. Kanisa lile la minara miwili Mji Mkongwe tunalipita kila tukienda sokoni. Skuli yao ya Mtakatifu Yosefu iliwasomesha mabibi zetu wengi, wakiwemo wa Kiislamu, na baada ya Mapinduzi ikawa ya Serikali. Leo tunaiita Tumekuja. Hao hawakuwa wa Loreto, lakini kazi ni ile ile.

Mwanamke aliyefungwa kwa kutaka kusomesha

Asili ya Loreto ni mwanamke wa Kiingereza aitwaye Mary Ward, aliyezaliwa Yorkshire mwaka 1585. Wakati huo Wakatoliki wa Uingereza walikuwa wakiteswa na serikali yao, wakisali kwa kujificha. Mwaka 1609 yeye na wenzake wakavuka bahari wakaanzisha nyumba yao katika mji wa Saint-Omer, ambao leo uko Ufaransa. Walitaka kusomesha wasichana.

Tatizo halikuwa kusomesha peke yake. Kwa desturi ya Kanisa lao, mwanamke aliyejitoa kwa Mungu alitakiwa akae ndani ya kuta za monasteri, asitoke. Mary Ward alisema kazi yao haiwezekani ndani ya kuta. Hata mavazi hakutaka yawe ya kitawa; wanawake wake walivaa kama wajane wa heshima wa zama zile, nguo nyeusi za kawaida. Mimi kama fundi cherehani hapo nilisita kidogo. Kumbe nguo tangu zamani ni suala zito, na si kwetu Waislamu tu.

Wakubwa wa Kanisa hawakufurahi. Mwaka 1631 Papa Urban wa Nane akaivunja jumuiya yao, na Mary Ward akafungwa katika monasteri moja mjini Munich. Humo ndani aliwaandikia wenzake barua kwa maji ya limau. Maandishi yake hayaonekani mpaka karatasi uipashe moto, ndipo maneno yanapotokea. Akafariki mwaka 1645 karibu na mji wa York, bila kuona kazi yake ikikubaliwa. Kanisa lilikuja kumtambua rasmi kuwa ndiye mwanzilishi mwaka 1909, miaka 300 kamili tangu alipoanza.

Angalieni jambo moja hapa. Mwanamke huyu hakuiacha dini yake. Alifungwa na watu wa dini yake, na akafa ndani ya dini yake hiyo hiyo. Alichokipinga ni desturi iliyojibandika kwenye dini, na wala hakukimbia.

Kutoka Ireland mpaka Kenya

Jina la Loreto lilikuja baadaye. Binti mmoja wa Dublin, Frances Ball, alisomeshwa na wafuasi wa Mary Ward huko York. Mwaka 1821 akarudi kwao Ireland kama Mama Teresa Ball, na nyumba yake ya Rathfarnham akaiita Loreto, jina la mji wa Italia wenye mahali patakatifu pa Bibi Maryam. Mwaka 1841 masista wake wakafika Kolkata, India. Yule Mama Teresa wa Kolkata ambaye dunia nzima inamjua, kabla ya kutoka kwenda kuhudumia maskini mwaka 1948, alikuwa sista wa Loreto na mwalimu wa skuli yao.

Kenya walifika mwaka 1921. Na hapa lazima tuseme ukweli, maana historia haitaki kupambwa kama biharusi. Skuli yao ya mwanzo, Msongari, Nairobi, ilikuwa ya watoto wa Kizungu. Ukoloni uligawa skuli kwa rangi: Mzungu kwake, Mhindi kwake, Mwafrika kwake, na masista walifuata mgawanyo huo. Mtoto wa kike wa Kiafrika alikuwa wa mwisho kwenye foleni. Ndiyo maana Limuru ya 1936 ilikuwa jambo kubwa. Kwa miaka mingi ilikuwa sekondari pekee ya Kikatoliki ya wasichana wa Kiafrika katika Kenya nzima.

Binti mmoja wa Nyeri

Ukitaka kujua skuli ilifanya nini, mtazame mwanafunzi. Limuru ina wengi, mimi nitamtaja mmoja, Wangari Maathai.

Alizaliwa mwaka 1940 kijijini huko Nyeri. Mwenyewe amehadithia katika kitabu chake kwamba aliingia skuli kwa sababu kaka yake Nderitu alimuuliza mama yao kwa nini Wangari haendi skuli kama wao wengine. Mama akafikiri, akaona hakuna sababu, akampeleka. Swali moja tu la mtoto wa kiume. Mwenye kaka wa namna hiyo amuombee dua.

Akiwa na miaka 11 alipelekwa dakhalia ya Mtakatifu Cecilia, kwa masista wa Kiitaliano wa Consolata. Huko kulikuwa na adhabu: mtoto akikamatwa anasema lugha ya kwao alivikwa kibati cha kumfedhehesha, akae nacho mpaka amkamate mwenzake. Wangari aliandika baadaye kwamba mambo kama hayo humfundisha mtoto kuonea haya asili yake. Humo humo ndimo alimoingia Ukatoliki, akaitwa Mary Josephine.

Alipomaliza wa kwanza darasani mwaka 1956, akachukuliwa Loreto Limuru. Huko alikutana na sista aliyekuwa akifundisha sayansi, akawa anamsaidia kuosha vyombo vya maabara, na mapenzi yake ya sayansi yakakulia pale. Wakati ule msichana aliyemaliza sekondari alionekana amefika. Kilichobaki ni ualimu au uuguzi, kisha ndoa. Yeye mwaka 1960 alikuwa mmoja wa vijana wa Kenya karibu 300 waliopelekwa kusoma Marekani, akaenda chuo cha masista wa Kibenediktini huko Kansas. Mwaka 1971 akapata udaktari wa falsafa Nairobi, mwanamke wa mwanzo kuupata katika Afrika Mashariki na Kati. Mwaka 1977 akaanzisha harakati ya kupanda miti pamoja na wanawake wa vijijini, na mwaka 2004 akapewa Tuzo ya Nobeli ya Amani, Mwafrika wa kwanza mwanamke kuipata.

Linalonigusa mimi ni hili. Aliporudi kwao aliliacha lile jina la Mary Josephine akarudi kuwa Wangari, lakini hakuwatupa waliomsomesha. Mpaka mwisho aliwasifu masista kwa bidii yao na kwa kuwatumikia watu. Alichukua elimu, akachukua tabia njema, akarudisha kilichokuwa si chake.

Mabadiliko hayakuuliza

Skuli zenyewe pia zilitikiswa. Kenya ilipata uhuru Desemba 1963, na sheria ya elimu ya mwaka 1968 ikaziweka skuli za makanisa chini ya Serikali. Kanisa likabaki kuwa mdhamini, si mwenye amri yote. Kwetu Zanzibar mwaka 1964 Serikali ilizichukua kabisa, na Septemba 23 mwaka huo Mzee Karume akatangaza elimu bila malipo. Tanzania Bara ikatunga sheria yake ya kutaifisha mwaka 1969. Njia tatu mbalimbali, na kila moja iliwalazimisha masista waulizane: tukinyang'anywa usukani, kinachobaki chetu ni nini?

Na kwenye Kanisa lenyewe, baada ya mkutano wao mkubwa wa Vatikani wa 1962 mpaka 1965, mavazi ya masista yakapunguzwa uzito, sala zikaanza kuswaliwa kwa lugha za watu badala ya Kilatini. Masista wa Kizungu wakapungua, wa Kiafrika wakaongezeka, na madarasani walimu wa kawaida wakawa wengi kuliko masista. Mitaala nayo ikageuzwa: mwaka 1985 ukaja mfumo wa miaka 8, 4 na 4, na sasa Kenya imehamia mtaala wa umahiri, ambapo wanafunzi wa mwanzo wa darasa la kumi wameingia sekondari ya juu Januari 2026.

Skuli imebaki kwa sababu walijua kutenganisha vitu viwili. Malengo waliyaacha pale pale: kumsomesha mtoto wa kike vizuri, kwa nidhamu na kumcha Mungu. Namna ya kuyafikia waliibadilisha kila zama. Sisi mafundi tunalijua hili. Sare ya mtoto wa kidato cha kwanza humshonei kwa kipimo chake cha leo tu, unamuachia pindo refu ndani. Mwaka ukipita unafumua pindo, unateremsha. Kitambaa ni kile kile, rangi ile ile, mtoto amesitirika na hakubanwa.

Na ushungi je?

Najua swali liko mdomoni, na ni haki yenu kuliuliza. Skuli za makanisa zina mambo yanayotuuma, na la mwanzo ni hijabu. Kenya kesi ilifika mpaka Mahakama ya Juu. Ilihusu skuli moja ya Isiolo inayodhaminiwa na kanisa la Methodist, ambapo wasichana wa Kiislamu waliomba kuvaa hijabu na suruali nyeupe pamoja na sare. Mwaka 2016 Mahakama ya Rufaa iliwapa haki. Januari 2019 Mahakama ya Juu ikaitengua hukumu hiyo, ikisema ombi halikuletwa kwa utaratibu unaotakiwa. Kwa hiyo suala lenyewe likabaki bila jibu la mwisho, na mabinti wakabaki katikati.

Maoni yangu ni haya. Skuli iliyozaliwa na mwanamke aliyeteswa kwa ajili ya imani yake na kuulizwa kwa nini amevaa vile alivyovaa, ndiyo ingepaswa kuwa ya mwanzo kumfahamu binti wa Kiislamu anayetaka kujisitiri. Ushungi wa rangi ya sare haupunguzi nidhamu. Nimeshona mwingi, najua unavyokaa na blauzi. Na sisi wazazi tusisubiri kulalamika mwezi wa tatu. Kabla ya kulipa ada nenda uulize: mtoto atavaa nini, ataswali wapi, Ramadhani itakuwaje, atalazimishwa kuingia kanisani au la. Ukipata jibu lisilokuridhisha, skuli ziko nyingine.

Lakini pia tujiulize sisi. Masista walitoka Ireland wakaja kujenga skuli ya wasichana kwenye baridi ya Limuru mwaka 1936. Sisi, ambao neno la mwanzo kuteremshiwa Mtume wetu (s.a.w.) ni amri ya kusoma, ambao Bi Aisha (r.a.) alikuwa mwalimu wa masahaba, ni mara ngapi bado tunasema "mtoto wa kike huyo, atasoma mpaka lini"? Tunakusanya mamilioni kwa harusi ya siku tatu, na ada ya chuo ya mwaka mmoja inatushinda. Nasema hivi na harusi ndizo zinazonilisha.

Kwa biharusi mtarajiwa

Historia hii ikufae hivi. Kama bado unasoma na posa imekuja, alhamdulillah, ndoa ni kheri. Zungumza mapema, kabla ya akdi, wazee wa pande zote wakiwepo: nitaendelea na masomo, ada atalipa nani, nikijaaliwa mtoto tutafanyaje. Kuhusu kuliweka kama sharti katika ndoa, wanazuoni wana maelezo yao, basi muulize sheikh wenu au kadhi akuongoze. Usinyamaze kwa kuona haya ukaja kulia baadaye.

Na wewe mama mwenye kijana wa kiume, mfundishe aulize kama Nderitu. Mbona dada yangu haendi skuli? Swali dogo, lakini kuna nyumba linasubiriwa.

Mwenyezi Mungu awape mabinti zetu elimu yenye manufaa, awape na stara. Aamin.