Ketlebeli za Eastlands: Pima Kabla ya Kulipa

Mpwa wangu anaishi Umoja, ghorofa ya tatu. Mwaka jana alinunua ketlebeli kwa fundi mmoja wa huko huko Eastlands. Lile tufe la chuma lenye mpini juu, ambalo vijana hulibembeza na kuliinua ili wapate nguvu. Ubavuni fundi alikuwa amepaka rangi nyeupe: "16". Nilipomtembelea nikaiinua, nikamwambia, "Hii si kumi na sita." Akanijibu, "Mjomba, si imeandikwa?" Tukaibeba hadi kwa mnunuzi wa vyuma chakavu pale mtaani, akaitundika kwenye mizani yake. Kilo 13 na nusu.

Kupunjwa kilo mbili na nusu si msiba. Kilichonitia hofu ni mpini: ulikuwa umeanza kuachia pale ulipochomelewa. Chuma kama hicho kikichomoka hewani, chumba kikiwa kidogo na watu wamo ndani, hasara haitakuwa ya pesa tena. Ndiyo maana nawaandikia vijana wetu walioko Nairobi kwa kazi na masomo, ambao siku hizi hufanyia mazoezi chumbani.

Namna tatu za ketlebeli

Ya kwanza ni ya kusubu. Chuma huyeyushwa, kikamiminwa kwenye kalibu, na mpini na tufe hutoka kitu kimoja. Nyingi zinazouzwa madukani ni za namna hii, na zikisubiwa vizuri hudumu miaka na miaka.

Ya pili ni ya kuchomelea, kazi ya mafundi wa jua kali, ambao Kamukunji na Kariobangi Light Industries ni ngome zao. Fundi hutengeneza tufe la bati nene au paipu, hulijaza vipande vya chuma, mchanga au saruji, kisha huchomelea mpini juu. Fundi hodari hukupa kitu imara kwa bei nafuu. Fundi mwenye haraka hukupa ajali.

Ya tatu ni ya saruji, iliyomiminwa ndani ya ganda la plastiki au kopo. Ni rahisi, lakini ni pana. Kwa ujazo ule ule, chuma kina uzito wa mara tatu hivi ya saruji. Kilo 16 za chuma kitupu huchukua kama lita mbili na robo; kilo 16 za saruji hukaribia lita saba. Kwa hivyo ukiambiwa tufe ni chuma kitupu na ukubwa wake ni wa ndoo, jua kilichomo ndani ni kingine. Tufe pana hugonga mapaja unapolibembeza, na hulalia mkono vibaya unapoliinua juu ya bega.

Pa kutazama

Anza na mpini, kwa kuwa ndio unaokulinda. Pitisha kiganja pande zote: usikute mshono unaokwaruza wala ncha. Usikubali mpini wa nondo yenye mikwaruzo, utakuchuna ngozi. Chuma laini cha mviringo ndicho kifaacho. Ketlebeli za mashindano huwa na mpini wa kipenyo cha milimita 33 au 35, na kipimo hicho hukaa vyema katika mikono mingi.

Kisha tazama mpini unapokutana na tufe. Ikiwa umechomelewa, mchomeleo uzunguke miguu yote miwili bila tundu wala nafasi. Bora zaidi mpini uwe umeingia ndani ya tufe, si kubandikwa juu yake. Ikiwa ni ya kusubu, tafuta ufa. Chuma cha kusubu huvunjika bila kupinda, na mpini wake ukishavunjika usidanganywe kwamba umechomelewa ukapona.

Itikise: ikilia ndani, kujaza kwake kuna kasoro. Iweke sakafuni: ikiyumba, kitako chake hakiko sawa. Na jihadhari na rangi nzito mbichi, kwani huficha kutu na nyufa.

Uzito gani?

Ketlebeli asili yake ni Urusi, na kipimo chake cha zamani ni pudi, kilo 16 na kidogo. Wazee wetu wa pwani hawangeshangaa, maana frasila waliyopimia karafuu na pembe nayo ni kama kilo 16. Ndiyo maana 16, 24 na 32 zimekuwa nambari mashuhuri: frasila moja, moja na nusu, na mbili. Siku hizi kuna pia 4, 6, 8, 12, 20 na 28. Zile za mashindano zote ni ukubwa mmoja, na hutambulika kwa rangi: 12 buluu, 16 manjano, 24 kijani, 32 nyekundu. Rangi ya fundi wa mtaani haina maana hiyo.

Anayeanza, mwanamke mara nyingi hutosheka na 8, mwanamume na 12 au 16. Lakini usikisie. Chukua mtungi, utie maji lita 12, uuinue taratibu kwa mkono mmoja hadi begani. Lita moja ni kilo moja. Ukitetemeka, shuka. Tena usiruke: kutoka 8 hadi 12 ni ongezeko la nusu nzima, ijapokuwa ni kilo nne tu.

Mizani nayo uijaribu kwanza. Tundika pakiti tano za unga za kilo 2, isome 10.

Tuliporudi kwa yule fundi, hakubisha. Alisema hana mizani. Hujaza tufe, kisha huandika nambari aliyotaka mteja. Akatuchomelea mpini upya mbele ya macho yetu, na nambari akaifuta. Tangu siku hiyo mpwa wangu ana desturi moja: hutoa arbuni, na zilizobaki hulipa chuma kikiwa kinaning'inia kwenye mizani.