Jina la Pope Juu ya Mtutu

Bunduki nyingi za shabaha zilizouzwa Marekani kati ya miaka ya 1880 na Vita Kuu ya Kwanza hazikubaki kama zilivyotoka kiwandani. Mlengaji alinunua Ballard, Stevens au Winchester ya mwaka 1885, zote za kupakia risasi moja moja, akaipeleka kwa fundi ang'oe mtutu, afunge mwingine, achonge kitako upya na kulainisha kifyatulio. Bunduki kama hiyo ina tarehe kadhaa za kuzaliwa, na anayeitafutia historia hupotea mara tu anapotaka tarehe moja.

Wateja wakubwa wa mafundi hawa walikuwa vyama vya Schützen, yaani walenga shabaha, vya Wajerumani waliohamia Marekani, walioshindana wakiwa wamesimama, yadi 200 kutoka kwenye shabaha.

Fundi anayetajwa kuliko wote ni Harry Pope wa Hartford, Connecticut. Mitutu yake ilikuwa na mifereji minane inayozunguka kwa kushoto, na mzunguko ukizidi kukaza kuelekea mdomoni. Ganda lenye baruti liliingizwa kwa nyuma, lakini risasi ilisukumwa kutoka mdomoni kwa kupitia kipande kifupi cha chuma kilichokatwa kwenye mtutu uleule. Kipande hicho hukaa kwa vijiti vinavyoingia kwenye matundu ya uso wa mtutu, na mifereji yake hukutana na ya mtutu bila kupishana. Kipande kilichoazimwa kutoka bunduki nyingine hujionyesha hapo hapo, na jicho lililozoea halihitaji hati yoyote.

Ugomvi mkubwa unahusu mitutu yenye maandishi ya Stevens-Pope. Mwaka 1901 Pope alijiunga na kampuni ya Stevens huko Chicopee Falls, Massachusetts. Baada ya miaka michache aliondoka, lakini kampuni iliendelea kuuza mitutu yenye jina lake. Wapo wanaoshikilia kwamba ya mwanzo ni sawa na ya Hartford, kwa kuwa ilitengenezwa chini ya usimamizi wake. Hoja hiyo ina uzito. Dai la wauzaji kwamba kila mtutu wenye jina hilo ulipita mikononi mwa Pope halina msingi: jina lilikuwa la biashara, na lilibaki kiwandani mwenyewe alipokwisha kwenda zake. Karakana aliyofungua San Francisco iliangamia katika tetemeko la Aprili 1906, na hatimaye akahamia Jersey City, alikofanya kazi hadi uzeeni.

Kwa Winchester, daftari za kiwanda zilizohifadhiwa kwenye jumba la makumbusho la Cody, Wyoming, zinaweza kuonyesha bunduki ilitoka na mtutu wa aina gani na lini. Watu huitegemea kupita kiasi barua ambayo jumba hilo hutoa kutokana na daftari hizo. Daftari ziliandika kilichotoka mlangoni tu. Kazi ya fundi iliyofuata haimo. Barua ikitaja mtutu mwingine, haijathibitisha ughushi. Huenda inathibitisha kwamba bunduki ilibadilishwa, jambo ambalo mmiliki alilidai tangu mwanzo.

Vita vilipowafanya Wajerumani washukiwe Marekani, vyama vya Schützen vilififia. Katika miaka ya 1920 na 1930 bunduki nyingi zilifungwa mitutu mipya ya risasi ndogo za .22, na ile ya zamani ikauzwa peke yake. Ndiyo maana leo hupatikana mtutu wa Pope kwenye bunduki ambayo Pope hakuwahi kuiona.